Suti ya Mturuki

Juma moja kabla ya mitihani, sekretariati za kandokando ya barabara kubwa ya Butembo hujaa wanafunzi. Kila mmoja ameshika karatasi ya mwalimu wa Kifaransa, wote wanatafuta fishi ya kitabu: jina la mwandishi, mwaka, wahusika, muhtasari, funzo. Kijana wa kompyuta haulizi mengi. Anafungua ile aliyomtolea mwingine mwaka jana, anafuta jina, anaandika jipya, printa inalia. Kitabu chenyewe hakijaonekana.

Mtoto wa dada yangu aliniletea ya kwake nitazame makosa. Kitabu ni Le Petit Prince cha Antoine de Saint-Exupéry. Kosa halikuwepo hata moja. Nikamwuliza, humo ndani amempenda nani? Akainamia karatasi kutafuta jibu.

Basi tukasoma. Iko tafsiri ya Kiswahili, Mwana Mdogo wa Mfalme, iliyotolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, ila katika maduka ya Butembo mimi sijaiona. Tukatumia kopi yangu kuukuu ya Kifaransa, tukabishana kwa Kiswahili, na bibi yake alipotaka kujua tunacheka nini, tukamsimulia kwa Kinande.

Tulikuwa tunamcheka mfanyabiashara. Yuko peke yake kwenye sayari yake, amehesabu nyota 501,622,731, anasema zote ni zake. Hesabu anaiandika kwenye kikaratasi na kukifungia ndani ya mtoto wa meza.

"Tonton, huyu ni wa hapa hapa!"

Nikamtetea. Mji huu, ambamo watu huzungumzia Dubai na Guangzhou kama vijiji vya jirani, umejengwa na wafanyabiashara wake kuliko na serikali, na ada ya binti huyu inatoka kwenye duka la vitenge la mama yake. Niliona mwandishi amewacheka wenye kuhesabu kwa urahisi mno. Binti akakataa. "Mama anapangusa vitenge vumbi kila asubuhi. Huyu nyota zake hata hazigusi." Ndivyo mtoto wa mfalme anavyombishia yule mtu kitabuni, kwa ua analolinyweshea maji na volkano anazozisafisha. Fishi ya sekretariati haikuwa na neno juu ya hayo.

Volkano za mtoto wa mfalme ni tatu, mbili hai na moja imezimika, na zikisafishwa vizuri zinawaka polepole bila kulipuka. Mtu wa Kivu ya Kaskazini hawezi kupita hapo haraka. Binti aliandika pembeni mwa kaye yake: Nyiragongo nani ataifagia? Alikuwa anakumbuka tarehe 22 Mei 2021, volkano hiyo ilipolipuka, na jamaa wa Goma waliokimbia usiku.

Mahali tulipokaa muda mrefu ni kwa Mturuki. Ni mwanafalaki wa kitabuni aliyeona sayari ndogo ya mtoto wa mfalme, B 612, mwaka 1909. Alipokwenda kuieleza kwenye mkutano wa wataalamu, hakuna aliyemwamini, kwa ajili ya mavazi yake. Mwaka 1920 akarudi na maelezo yale yale, safari hii amevaa suti ya Kizungu. Wote wakakubali. Binti alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba darasani kwao ukijibu kwa Kiswahili wanacheka, na mwenzako akirudia jibu lako kwa Kifaransa anapigiwa makofi.

Jirani yake wa benchi alitoka upande wa Beni. Familia yake ilikimbia mauaji, sasa wanakaa kwa ndugu. Mauaji ya huko yalianza Oktoba 2014, kwa hiyo watoto wa darasa hilo hawaijui Beni nyingine. Alipoazima kitabu, hakufika mbali: alisimama kwenye ukurasa wa kutabaruku. Saint-Exupéry alikuwa New York, mbali na nchi yake iliyokuwa imetekwa na Wajerumani, na kitabu alikitoa huko Aprili 1943. Alikitabaruku kwa rafiki yake Léon Werth, aliyebaki Ufaransa kwenye njaa na baridi. Mwandishi mwenyewe alipotea na ndege yake tarehe 31 Julai 1944. Mvulana aliuliza kama Werth alipona. Nikamwambia ndiyo, alipona. Akafunga kitabu, akakirudisha bila kuuliza la pili.

Binti aliandika fishi yake upya, kwanza kwa Kiswahili, halafu akaihamishia kwenye Kifaransa. Ilirudi na alama chache kuliko za wale wa sekretariati. Chini ya Nyiragongo palikuwa na mstari mwekundu: haimo kitabuni.

Ni kweli, haimo. Nilikuwa natafuta neno la kumpa pole, lakini yeye alikuwa anacheka.

"Tonton, nilisahau kuvaa suti."