Nafasi ya Pili Haimo Kwenye Andiko

Andiko la mradi wa mafunzo ya TEHAMA kwa vijana haliachi kuwa na ahadi hii: washiriki watapata vyeti vinavyotambulika kimataifa. Fedha zikitoka, chumba hupangishwa, kompyuta hununuliwa, mkufunzi huajiriwa, mgeni rasmi huja kufungua. Ripoti ya kufunga mradi hutaja waliosajiliwa, waliohitimu, na wangapi kati yao ni wasichana. Waliokwenda kufanya mtihani wenyewe na kufaulu, mara nyingi hawana safu yao.

Kumaliza kozi ni jambo moja, kupata cheti ni jingine. Chukua CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco. Masomo yake hufundishwa kupitia Cisco Networking Academy, mpango ulioanza mwaka 1997, na programu ya mazoezi, Packet Tracer, ni ya bure. Mtihani si wa bure. Ada ni dola 300 za Marekani kwa kila jaribio. Ukifeli, unalipa upya. Kanuni zinamtaka aliyefeli asubiri siku 5 tu kabla ya kurudia. Kwa kijana wa Tabata au Nyegezi anayeishi kwa vibarua vya kufunga kamera za ulinzi, siku 5 si kitu. Kutafuta hizo dola 300 kwa mara ya pili ndiko kunakoweza kummalizia mwaka mzima, na wakati huo mradi umeshafungwa na kompyuta zimeshagawiwa kwingine.

Mara nyingi mbegu ya kufeli huku hupandwa darasani. Andiko lilisema kompyuta moja kwa kila mwanafunzi, bei zikapanda, ikawa moja kwa watatu. Mmoja anaandika amri, wawili wanatazama. Mkufunzi akiuliza kama wameelewa, wote wanaitikia, na kweli wameelewa. Siku ya mtihani swali linakuja: kompyuta yenye anwani 192.168.10.77/26 imo kwenye mtandao gani? Hiyo /26 hugawa anwani katika mafungu ya 64: la kwanza linaanza 0, la pili 64, la tatu 128. Namba 77 inaangukia fungu la pili, kwa hiyo mtandao ni 192.168.10.64, na anwani ya mwisho ya fungu, ile ya kutangazia wote, inaishia na 127. Aliyeizoea hesabu hii haimchukui nusu dakika. Aliyekuwa akitazama wenzake ataikokotoa kwenye kibao alichopewa, ataipata, ila dakika nne zimekwenda. Mtihani wote una dakika 120, na ukishalipita swali huruhusiwi kulirudia. Maswali ya mwisho anayajibu kwa kubahatisha.

Matokeo yakitoka, aibu inamwangukia peke yake. Waliomchangia ada wanauliza, “Vipi, umepita?” Wengine hapo huchepuka na kununua maswali yaliyovuja, jambo linaloweza kumfutia mtu cheti na kumfungia mlango wa kufanya mitihani tena. Wengine huanza kusoma kitabu upya kuanzia ukurasa wa kwanza, wakirudia hata walichokijua.

Wakati huohuo jibu la nini cha kufanya limo ndani ya karatasi ya matokeo, ambayo huonyesha asilimia aliyopata kwa kila eneo. Maeneo hayo hayana uzito sawa: kuunganisha mitandao kwa IP kunabeba asilimia 25, misingi ya usalama 15, huduma za IP 10. Aliyepata 40 kwenye eneo la kwanza na 30 kwenye la mwisho aanze na lile la 40, kwa sababu ndiko alama nyingi zilikopotelea. Kisha afanye mazoezi kwa saa ukutani, vidole vikiwa kwenye kibodi, na asilipe ada mpaka majaribio ya nyumbani yawe yanaisha ndani ya muda. Mwenye kazi ya mchana na bando la kuhesabu hana ratiba nyingine itakayomfaa zaidi ya saa moja ya kila siku asiyoiruka.

Wenye miradi nao wana la kufanya. Wapunguze idadi ya washiriki, kila mmoja ashike kompyuta yake, na ada ya jaribio la pili itengwe tangu siku ya kuandika bajeti. Haitatumika kwa wote, maana wapo watakaopita mara ya kwanza. Maabara ibaki wazi miezi michache baada ya mahafali. Na mfadhili akipelekewa ripoti, aulize swali moja kabla ya kupiga makofi: waliofeli mara ya kwanza, wangapi walirudia?