Mzee Asiyekubali "Ndivyo Tulivyoikuta"

Mwambie mzazi kwamba mwanawe kaitwa chuo kikuu kusomea falsafa, uone uso wake. "Hiyo nayo ni kazi gani?" Ni swali la haki, maana karo haiokotwi barabarani. Kinachonikera ni majibu yetu. Tunakimbilia Socrates na Wagiriki wenzake, kana kwamba watu wa huku walikuwa wakingoja kufundishwa kufikiri. Mimi humtaja Henry Odera Oruka.

Oruka, mzaliwa wa Siaya, alikwenda Uppsala, Sweden, kusomea sayansi, akanaswa na falsafa. Mwaka 1970 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Wasomi wakati huo walikuwa wakizozana: je, Mwafrika ana falsafa, au ana methali na matambiko tu? Oruka hakuridhika na kubishana ukumbini. Yeye na wenzake walibeba vinasa sauti, wakaenda vijijini kukaa na wazee, wengine wao hawajui kusoma wala kuandika, wakawahoji juu ya Mungu, kifo, haki, uhuru.

Hapo ndipo alipoweka mpaka ambao naona tunausahau. Kuna mzee mwenye hekima anayejua mila zote na kuzieleza vizuri. Ukimuuliza sababu, atakwambia ndivyo walivyosema wahenga. Yuko mwingine anayezijua mila hizo hizo lakini anazipima, na akiona hazisimami anasema hivyo, hata kama ukoo utanuna. Huyu wa pili ndiye ambaye Oruka alimwita mwanafalsafa.

Mmoja wa wazee wa aina hii alikuwa Paul Mbuya Akoko, Mluo. Kumbuka zama zenyewe: Nyerere alikuwa ameijenga siasa yake ya Ujamaa juu ya maisha ya asili ya Kiafrika, na kila kiongozi alisifu jinsi mababu walivyogawana mali. Mbuya aliulizwa juu ya hilo naye akalikataa. Alieleza kwamba mwenye ng'ombe wengi alimkabidhi mwenzake asiyenacho ng'ombe wa kutunza. Huyu akapata maziwa, lakini ng'ombe akabaki mali ya mwenyewe. Watu hawakufa njaa, ndiyo. Ila huo haukuwa ukarimu wa kugawana mali. Mwanasiasa yeyote angemchukia kwa jibu hilo, nami nalipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Kwenye maadili mambo ni magumu zaidi, na Oruka mwenyewe ni mfano. Desemba 1986 wakili S.M. Otieno alifariki. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukasema Mluo huzikwa kwao, yaani Nyalgunga. Kesi ilitikisa Kenya nzima, na maiti ikakaa bila kuzikwa kwa zaidi ya miezi mitano. Oruka aliitwa mahakamani kama shahidi mtaalamu upande wa ukoo, akaeleza mila za Waluo. Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi. Wambui hakuhudhuria mazishi.

Sijawahi kuridhika na nafasi aliyoichukua profesa siku ile. Mtu aliyetumia miaka kutenganisha anayejua mila na anayeipima alisimama kizimbani kuieleza tu. Watetezi wake watasema shahidi hujibu anachoulizwa, na hapo wana hoja. Hata hivyo, ni yeye aliyewapa wanafunzi wake silaha ya kumhoji. Mila hii inamlinda nani? Matakwa ya marehemu yana uzito gani, na neno la mke je? Mtu akiishi mjini maisha yake yote, nani anaamua kwao ni wapi? Mahakama ilijibu swali moja tu, la nani akabidhiwe maiti.

Oruka alifariki Nairobi mwaka 1995 baada ya kugongwa na gari. Wajane na koo wangali wanafikishana mahakamani juu ya maiti nchini Kenya, na mara nyingi hoja ya kwanza huwa ni ile ile, kwamba ndivyo tulivyoikuta. Hakimu, wakili, na hata kijana wa ukoo anayetumwa kwenda kuzuia jeneza, wote wangefaidika kwa kukaa muhula mmoja darasani na Mbuya Akoko.