Mionzi Ndani ya Kichwa: Dada Yetu Si Hatari kwa Watoto



Wiki iliyopita, mkutano ulipokwisha na wengine wakianza kufunga vitenge vyao, mwenzetu mmoja wa Masisi alibaki amekaa, simu mkononi. Dada yake mdogo, aliyehamia Marekani na jamaa yake baada ya miaka mingi ya ukimbizi, alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti. Kansere ya ziwa aliyotibiwa zamani imepanda kichwani. Waganga wamempasua, wakatoa uvimbe, na mahali ulipokuwa wakaacha punje ndogo zenye mionzi. Punje hizo hazitatolewa tena.

Jamaa ya huku ilishtuka. Koko aliuliza kama waganga wamemtibu au wamemwachia sumu. Shemeji mmoja alisema watoto waondolewe nyumbani haraka, maana mama yao atawaunguza. Maneno hayo yalifika Marekani kabla ya pole, na mgonjwa alilia kwa ajili ya hayo kuliko kwa ajili ya kidonda.

Mwenzetu ameturuhusu tuandike habari hii bila majina. Sisi si waganga, ni walimu. Lakini kazi ya mwalimu ni kusoma jambo, kulielewa, na kulieleza mpaka wa nyuma darasani asikie.

Kansere ya ziwa inafikaje kichwani?

Kansere huanza mahali pamoja, lakini chembe zake zinaweza kusafiri katika damu na kuota kwingine, kama magugu yanayopelekwa na mvua kutoka shamba moja hadi jingine. Kansere ya mapafu, ya ziwa, ya figo na ile ya ngozi inayoitwa melanoma ni kati ya zile zinazofika kichwani mara nyingi. Ile iliyotoka kwenye ziwa bado ni kansere ya ziwa, ila imejenga nyumba ya pili.

Muganga akiupasua uvimbe na kuutoa, chembe chache zisizoonekana kwa macho zinaweza kubaki ukingoni. Bila mionzi, karibu nusu ya wagonjwa au zaidi huona uvimbe umerudi palepale kabla mwaka haujaisha. Ndiyo sababu ya mionzi: kuua kile ambacho kisu hakikukifikia.

Mara nyingi mionzi hutolewa na mashine iliyo nje ya mwili. Kichwa kizima kinaweza kuchomwa kidogokidogo, kwa kawaida mara 10 katika wiki mbili, au mashine ya usahihi mkubwa ikalenga sehemu ile tu, mara moja hadi tano. Njia ya tatu ndiyo aliyopewa dada yetu: mionzi inawekwa ndani, wakati kichwa bado kimefunguliwa, na matibabu yanaanza siku ileile.

Punje zenyewe

Kila punje ni ndogo kama ya mchele. Nje ni chuma cha titaniumu kilichofungwa pande zote, ndani ni seziumu yenye mionzi. Punje zinashikwa na kibandiko laini cha kolajeni, ambacho mwili hukimeng'enya wenyewe. Marekani iliruhusu vibandiko hivi mwaka 2018 kwa uvimbe wa kichwa uliorudi, na mwaka 2020 ikavikubali pia kwa uvimbe mbaya unaopasuliwa mara ya kwanza.

Mionzi ya punje hizi haina nguvu ya kwenda mbali. Inapiga sana milimita chache zinazoizunguka, kisha inafifia haraka. Hivyo sehemu kubwa ya ubongo inaachwa salama.

Koko aliuliza swali zuri: kama punje hazitolewi, zitawaka mpaka lini? Tulimjibu kwa maharagi, na ninyi mnaweza kufanya hivyo na watoto jikoni. Hesabu punje 64 za maharagi. Hiyo ndiyo nguvu ya siku ya kwanza. Seziumu ya aina hii hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya siku karibu 10. Basi siku ya 10 toa nusu, yanabaki 32. Siku ya 20 yanabaki 16. Siku ya 30 yanabaki 8, siku ya 40 ni 4, siku ya 50 ni 2, na siku ya 60 limebaki haragi moja. Kinachokaa kichwani baada ya hapo ni kama makaa yaliyozimika: yapo, lakini hayapiki tena.

Je, ataunguza watoto?

Hapana. Mionzi si ugonjwa wa kuambukiza. Kwa kuwa punje zimefungwa, mate yake, jasho lake, mkojo wake na sahani yake havina mionzi. Anaweza kupika, kula na wengine na kulala nyumbani kwake. Waganga wanaweza kumwambia asimpakate mtoto mchanga kwa saa nyingi, au asikae karibu sana na mwenye mimba kwa muda mrefu, katika wiki za kwanza. Hilo ni agizo la tahadhari, na wao ndio watakaosema lini linaisha. Si sababu ya kumtenga mtu.

Tuseme pia upande mgumu, maana hatupendi kudanganyana. Mionzi inaweza kuleta uchovu, na sehemu ya ubongo iliyopigwa inaweza kuvimba au kufa baada ya miezi. Na kansere ikishafika kichwani, kwa walio wengi matibabu hayaifuti mwilini. Yanaisukuma nyuma. Yanampa mama miezi, kwa wengine miaka, ya kuongea vizuri, kutembea na kuwatambua watoto wake. Muda huo tusimharibie kwa woga wetu.

Na sisi tulio huku?

Hapa tunasikia uchungu. Mwaka 1915 madini ya uraniumu yalionekana Shinkolobwe, Katanga. Kuanzia 1922 yalisafishwa Olen, Ubelgiji, yakatolewa radiumu, na kwa miaka kadhaa Kongo ndiyo iliyolisha sehemu kubwa ya radiumu ya dunia. Wakati ule waganga wa Ulaya na Marekani walikuwa wanaweka radiumu katika mirija na sindano ndani ya miili ya wanawake wenye kansere ya kizazi na ya ziwa. Mionzi ya ndani, basi, si jambo geni kwa udongo wetu. Karne moja imepita, na Kivu Kaskazini haina hata mashine moja ya mionzi.

Zilizo karibu ziko ng'ambo ya mpaka. Kigali, katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe, mionzi ilianza kutolewa 2019. Kampala kuna Taasisi ya Kansere ya Uganda, pale Mulago, iliyoanzishwa 1967. Huko mionzi ya ndani hutumika hasa kwa kansere ya shingo ya kizazi. Lakini mama wa Walikale anayetoka porini kwa miguu na pikipiki, vita vikimkatia barabara, anajua Kampala ni mbali kiasi gani. Kwa wengi wetu, dawa iliyo karibu zaidi ni kuwahi.

Kwa hiyo, wamama, kila mwezi, siku chache baada ya kumaliza damu, papasa maziwa yako yote mawili hadi kwapani. Ukikuta kivimbe kigumu, hata kama hakiumi, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, nenda kituo cha afya wiki hiyohiyo na uombe barua ya kupelekwa hospitali kuu. Usingoje kiume. Kivimbe kisichouma ndicho kinachotudanganya.

Na kama mama aliyewahi kutibiwa kansere anaanza kuumwa kichwa, hasa asubuhi, anatapika, upande mmoja unalegea, maneno yanamponyoka au anaanguka kifafa, msimtafutie mchawi wala msimfungie nyumbani. Maombi yafanyike, na safari ya hospitali ifanyike siku ileile. Hata pasipo mashine ya mionzi, kuna dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo na ya kuzuia kifafa, na muganga akiitoa mapema inaweza kumpunguzia mgonjwa mateso.

Jumapili jioni mwenzetu alituma ujumbe wa sauti Marekani. Koko ndiye aliyeongea. Alisema kwamba amehesabu maharagi mwenyewe, na kwamba watoto walale na mama yao. Halafu akauliza kama kule wanapata sombe.

Mkutano ujao muuguzi atakuja kutuonyesha namna ya kupapasa ziwa. Tutazungumza pia kuhusu kutenga sehemu ya likelemba kwa usafiri wa mgonjwa. Njoo na binti yako, na umlete jirani yule ambaye huwa anasema hana wakati.