Kupokea simu hakumalizi salio

Nimeulizwa tena, safari hii na mama mmoja wa Kanazi, wilayani Ngara: akipokea simu ya namba asiyoijua, hela yake itavutwa? Haitavutwa. Pokea, sema haloo, piga soga hadi jua lizame; salio utalikuta lilivyokuwa.

Hela haimo ndani ya simu. Imeandikwa kwenye mitambo ya kampuni, na haitoki mpaka laini yako itume amri pamoja na namba ya siri. Anayekupigia anaambulia sauti yako tu. Kwa hiyo mnaochomoa betri usiku mnajisumbua bure, na mnaouziwa "programu ya kuzuia wezi" ndio mnaonitia wasiwasi kabisa: programu ukiiruhusu isome meseji, inasoma na za benki.

Tapeli hana haja ya mitambo. Anaandika, "Ile hela tuma kwenye namba hii," akijua kwamba kati ya watu mia wapo wanaodaiwa kodi ya pango siku hiyo. Anajua tunavyoishi: ndugu akikwama tunatuma kwanza, maswali baadaye. Na huduma yenyewe ya kutuma hela kwa simu ilikuzwa na tabia hiyohiyo. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa kurejesha mikopo midogo. Watu wakaigeuza ya kutumiana wao kwa wao, na mwaka 2007 ikazinduliwa hivyo. Tanzania iliingia 2008.

Waliobuni namba ya siri, hata hivyo, walimfikiria mtu mmoja na simu yake. Kanazi simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Bibi asiyesoma menyu humpa mjukuu. Mjukuu asipokuwepo humpa wakala, na namba ya siri hutajwa pale dirishani, foleni yote ikisikia. Mara nyingi ni mwaka wa kuzaliwa! Hela hupotelea hapo, na hapo hakuna anayeniuliza kitu.

Haya, upesi. Badilisha namba ya siri leo. Bibi ateue mjukuu mmoja, basi. Ukiombwa hela, mpigie ndugu kwa namba yake ya siku zote. Meseji ya utapeli ipeleke 15040. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Umeshatuma kimakosa? Piga 100 palepale, kabla aliyepokea hajafika kwa wakala.