Kitambaa cha Barakoa na Namba Zake za Forodha

Vitambaa visivyofumwa hutengenezwa kwa nyuzi zilizoshikanishwa kwa joto, gundi au mashine, pasipo mtande wala mshindio. Ndivyo vitumikavyo katika barakoa na magauni ya upasuaji. Hata hivyo, forodha haitazami malighafi pekee, bali pia umbo ambalo bidhaa imefikia.

Katika mfumo wa uainishaji wa Shirika la Forodha Duniani, unaofuatwa pia na Jumuiya ya Afrika Mashariki, kitambaa kilicho katika majora huwekwa chini ya namba 56.03, kisha hugawanywa kwa uzito: hadi gramu 25 kwa mita ya mraba, zaidi ya 25 hadi 70, zaidi ya 70 hadi 150, na zaidi ya 150. Kikishonwa kuwa barakoa ya kawaida ya upasuaji, huhamia 63.07; kikiwa gauni, 62.10. Bandeji zilizotiwa dawa, au zilizofungashwa kwa rejareja kwa ajili ya tiba, huingia 30.05.

Namba hiyo ndiyo msingi wa kiwango cha ushuru. Ikikosewa, shehena yaweza kuzuiliwa, gharama ikapanda na wodi ikakosa vifaa. Hivyo, ankara ieleze aina ya nyuzi, uzito, umbo na matumizi. Maneno “vifaa tiba” pekee hayatoshi.