Utamaduni Pendwa: Ilimu ya Vitu Vinavyotupwa Jaani

Maktaba za vyuo vikuu zina mazoea ya zamani ya kukaribisha aina moja ya vitabu na kuifungia mlango aina nyingine, hata diwani ya mshairi aliyekufa karne tatu nyuma ikahifadhiwa katika kabati la kioo, na riwaya ya senti chache, iliyopita mikono ishirini mpaka jalada likachanika, ikatupwa jaani pamoja na maganda ya machungwa. Ray Browne, mwalimu wa fasihi mzaliwa wa jimbo la Alabama, aliyefika mwaka 1967 katika chuo kikuu cha mji mdogo wa Bowling Green, jimbo la Ohio, Marekani, aliukataa ubaguzi huo. Alikusanya kila kilichokataliwa: riwaya za mapenzi na za upelelezi, vitabu vya katuni, mabango ya sinema, kadi za posta, sahani za santuri, akawaambia wenzake, ambao wengi wao hawakufurahi kuyasikia maneno hayo, kwamba mtu atakaye kuijua nafsi ya taifa hana budi kutazama vitu ambavyo taifa lenyewe huvinunua, huvisoma, huvicheka na kisha huvitupa.

Neno lake halikupotea hewani. Mwaka huohuo alianzisha jarida la kitaaluma la utamaduni pendwa. Mwaka 1969 mkusanyo wake ukawa maktaba rasmi. Mwaka 1970, pamoja na wasomi wenzake Russel Nye na Marshall Fishwick, alisimamisha chama cha wataalamu. Na mwaka 1973 Bowling Green ikapata idara kamili ya utamaduni pendwa, ya kwanza katika nchi ile, ambamo mwanafunzi aliweza kuingia na kutoka na shahada kama aingiavyo mwingine katika idara ya sheria au ya hesabu.

Utamaduni pendwa ni nini? Si mila za wahenga, ambazo hurithiwa kwa mdomo katika jamaa na kijiji. Wala si sanaa tukufu, ambayo wachache wenye elimu na mali huipa adhama. Ni yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wengi na kupokewa na watu wengi: sinema, muziki wa redio, mavazi, michezo ya mpira, matangazo ya biashara, vyakula vya mjini. Mimi binafsi naona neno "pendwa" linasema nusu ya habari tu, kwa kuwa tangazo la sabuni husikilizwa na maelfu ambao hawakulipenda hata siku moja, na bado baada ya miaka hamsini hulikumbuka kuliko mashairi waliyokaririshwa shuleni.

Sasa, kwa nini fani hii isikabidhiwe idara moja tu, ya fasihi au ya historia, iwe mali yake? Tutwae kanga, kitu kilichomo katika kila sanduku la mwanamke wa pwani yetu. Fundi wa sanaa ataziangalia rangi za pindo na nakshi za mji. Mtu wa lugha atasimama kwenye jina, yaani ule usemi uliochapwa chini, atake kujua ni fumbo la namna gani, nani hulivaa ili nani alisome, na kwa nini kauli ambayo ingezua ugomvi kama ingetamkwa kwa mdomo huweza kupita mtaani kwa salama ikiwa imefungwa kiunoni. Mchumi atauliza habari za viwanda vya India, Uholanzi, Uingereza na Japani vilivyochapa doti hizo kwa oda za wafanyabiashara wa Mombasa na Unguja. Na mwanahistoria atakuja na swali lake. Laura Fair, Mmarekani aliyechunguza maisha ya Unguja na kutoa kitabu chake mwaka 2001, ameonyesha kwamba baada ya utumwa kufutwa kisheria kisiwani mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki na merikani, nguo za hali ya utumwa, waliziacha wakajipamba kwa kanga, wakidai kwa macho ya watu ile hadhi ambayo kalamu ya serikali ilikuwa imewapa kwa karatasi.

Na merikani yenyewe ni darsa nzima. Jina lake ni jina la nchi ilikotoka, maana katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 merikebu za bandari ya Salem, Massachusetts, zilileta Unguja majora ya nguo iliyofumwa katika viwanda vya pande zile kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa majimbo ya kusini, Alabama ikiwamo. Basi mtumwa wa Unguja alivaa jasho la mtumwa wa Alabama, na hakuna katika wawili hao aliyemjua mwenziwe. Idara gani peke yake ingeiona habari hiyo mwanzo hata mwisho? Mwenye uchumi angehesabu majora asiusome usemi wa kanga, na mwenye lugha angeusoma usemi asihesabu majora. Hapo ndipo panapopatikana maana ya elimu mtambuka: kitu kimoja kinachunguzwa, na taaluma nyingi zinaitwa kutoa ushahidi, kila moja kwa zamu yake.

Afrika Mashariki haikuingoja Ohio. Mshairi Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, binti wa mfinyanzi wa Fumba aliyeimba taarabu kwa Kiswahili hata akavuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alikuwa akiifanya kazi hii hasa, bila idara na bila shahada yake. Na Terence Ranger, aliyekuwa profesa wa historia Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliitazama ngoma ya beni, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, vyeo vyake vya kijeshi na matarumbeta yake, ambayo maofisa wengi wa kikoloni waliidhania kuwa uigaji wa kitoto, akaitolea kitabu mwaka 1975 kama mtu atoaye hati kutoka hazina ya nyaraka.

Huko Uingereza jambo hili lilichukua sura kali zaidi. Richard Hoggart, yatima aliyelelewa katika mtaa wa wafanyakazi mjini Leeds, alifungua mwaka 1964 kituo cha kuchunguza utamaduni wa zama hizi katika Chuo Kikuu cha Birmingham, na sehemu ya fedha za mwanzo alipewa na Allen Lane wa Penguin, kampuni iliyopata jina kwa kuuza vitabu vizuri kwa bei ya pakiti ya sigara. Aliyemfuata katika uongozi ni Stuart Hall, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, ambaye alifundisha kwamba anayetangaza habari katika televisheni huifunga maana yake kama mtu afungavyo mzigo, lakini anayeupokea nyumbani huufungua kwa mkono wake mwenyewe: huenda akaikubali maana ile, huenda akaikubali nusu, na huenda akaikataa kabisa. Wamarekani walilaumiwa kwa kuvipenda mno vitu walivyovichunguza. Waingereza kwa kuona mkono wa mtawala hata katika mshono wa suruali. Lawama zote mbili nadhani zina haki yake. Birmingham yenyewe iliifunga idara iliyotokana na kituo hicho mwaka 2002.

Mwanafunzi anayeingia katika somo hili kwa kudhani kuwa atalipwa alama kwa kutazama sinema hugutuka mapema, maana sinema ya saa mbili humtaka asome juma zima: sheria za udhibiti, hesabu za tiketi, na nadharia za watu ambao sentensi zao ni nzito kuliko magunia ya karafuu. Na asipokuwa na taaluma moja aliyoishika barabara, atazunguka milango mingi bila kuingia hata nyumba moja.

Idara ya Bowling Green ilikaa miaka mingi katika nyumba iliyojengwa mwaka 1932, ambayo kabla ya hapo iliwahi kuwa makazi ya rais wa chuo. Haikuwa nyumba ya kawaida. Ilikuwa moja ya zile ambazo Mmarekani wa wakati ule alizichagua katika kitabu cha picha cha duka kubwa, kama mtu achaguavyo kofia, akapeleka fedha kwa posta, na mbao zikamjia kwa treni zimekwisha kukatwa tayari kwa kuunganishwa. Yaani yenyewe ilikuwa mfano halisi wa yale yaliyofundishwa ndani yake. Mwezi wa Agosti 2012, karibu miaka mitatu baada ya kufa kwake Browne, chuo kiliibomoa ili kupata kiwanja cha kujengea zahanati, ingawa wapo walioomba isiguswe. Maktaba aliyoiasisi haikuwa na rafu ya kuwekea nyumba.