Ubalozini hawahesabu pesa tu

Nauza tiketi za ndege Dar es Salaam, na swali la viza ya Schengen ninaloulizwa zaidi ni hili: "Dada, benki niwe na shilingi ngapi?" Badala ya kujibu, huomba kuiona taarifa ya benki. Mama mmoja alinifungulia yake: miezi mitano ya hela za duka la vitenge, zikiingia na kutoka kidogokidogo, kisha milioni 12 kwa mkupuo, wiki hiyohiyo ya kuomba. Shemeji yake alimkopesha ili akaunti ipendeze.

Nikamwambia azirudishe. Ofisa hutazama pesa zinavyotembea, na ya kuazima haijifichi. Zile hela ndogo za duka, pamoja na leseni ya biashara, ndizo zinazoonyesha kwamba huyu ana cha kumrudisha nyumbani. Kama shemeji ndiye anayegharamia safari, aandike barua aseme hivyo na kuambatanisha taarifa yake mwenyewe.

Viza hiyo moja inafungua nchi 29, lakini huombi popote unaposikia kuna ubalozi mlaini. Ukilala Paris siku mbili na Hamburg kumi, maombi ni ya Ujerumani.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai miezi 3 baada ya siku ya kuondoka kwao. Bima ya safari ianzie euro 30,000. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Majibu kwa kawaida ni siku 15, ila sheria inawaruhusu kufika 45, kwa hiyo wahi. Tiketi nayo (nasema kwa hasara yangu) usiilipie kabla ya viza, buking inatosha.

Ukomo ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na kutoka kisha kurudi hakuanzishi hesabu upya. Aliyeingia Machi 1 akatoka Aprili 29 ameshatumia siku 60. Akirudi Juni, hata kwa viza ya kuingia mara nyingi, zimebaki 30.

Karatasi zote ziweke kwenye mkoba wa mkononi. Ofisa wa uwanjani kule anaweza kuzidai upya, na sanduku hulioni mpaka umpite yeye.